Kona za Kushoto

Nililisikia kabla sijaliona. Nilikuwa nimeinama juu ya injini ya pikapu ya muuza nyanya, mikono imejaa grisi, niliposikia krrrr, sauti fupi na kavu kama ya mtu anayesaga punje chache za mahindi kwenye kinu cha mkono. Halafu ikakatika. Ilitoka nyuma ya migomba, pale barabara inaposhuka na kukunja kona ya kushoto kabla ya lango la gereji yetu ya Kimandolu. Nikaweka spana chini. Gari lilikuwa bado halijatokea, lakini nilishajua kwamba breki zimeshika, na kwamba aliyezishika si dereva.

Nyinyi vijana mnaoshika spana leo mtaniuliza nilijuaje. Nilijua kwa sababu ya chai.

Aliyenifundisha umeme wa magari alikuwa Fundi Lazaro, Mmeru wa kule juu ambako ukungu hauondoki mpaka saa nne asubuhi. Alikuwa na mchezo mmoja. Ananikalisha ndani ya stoo isiyo na dirisha, mgongo kwenye mlango, nachambua nati na skrubu kwenye makopo. Gari likiingia uani anauliza, "Aminiel, limeingia gari gani? Nani ameshuka? Linaumwa wapi?" Nikikosea, siku hiyo chai ya gereji nzima napika mimi. Nilipika chai mpaka mafundi wakawa wanamsifia Lazaro kwamba amepata mpishi. Lakini polepole masikio yalifunguka. Nikaanza kutofautisha pampu inayolia kwa kiu ya mafuta na ile inayolia kwa uzee. Nikajua kwamba kila mlango wa gari una sauti yake, na kila mtu ana namna yake ya kuufunga. Mwenye haraka, mwenye hasira, mwenye gari la kuazima, wote niliwajua nikiwa nimeutazama ukuta.

Basi ile krrrr niliifahamu. Magari ya siku hizi yana pampu ndogo ya breki inayoamka yenyewe kompyuta ikidhani gari linateleza. Ikiamka kwenye matope ya masika, unamshukuru Mungu. Ikiamka kwenye lami kavu, mchana kweupe, kuna mtu anaidanganya.

Gari likaingia. Jeupe, la viti saba, la kubebea wageni, limeoshwa likang'aa. Akashuka msichana mrefu, amevaa shati la kazi lililopigwa pasi. Akaunyanyua mlango kidogo kwa kiganja, kama mtu anayemsaidia bibi kusimama, ndipo akausukuma. Ukafunga mara moja, taratibu. Bawaba za mlango ule zilikuwa zimechoka. Asiyeujua angeupigiza mara kadhaa bila kushika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Karibu."

"Nimeambiwa wewe ndiye fundi umeme."

"Ndivyo wanavyosema. Gari lina nini?"

"Gari halina kitu," akasema. "Wanasema mimi ndiye nina kitu."

Jina lake Naserian, kwao ni upande wa Ngaramtoni. Alikuwa dereva wa hoteli moja ya wageni kule Usa River, kazi yake kuwapokea uwanja wa ndege na kuwarudisha. Kwa wiki kadhaa gari lilikuwa linashtuka njiani. Linashika breki ghafla, linavuta pembeni, halafu linaachia kama vile halikufanya kitu. Mgeni mmoja alimwagikiwa na kahawa kifuani. Mwingine akaenda kwa bosi akasema dereva wenu anasinzia.

"Nikamwambia bosi gari linajikamata lenyewe. Akacheka. Akaniambia, Nase, gari halina mikono." Akatazama viganja vyake. "Nikalipeleka kwa fundi mmoja mjini, akalizungusha kwenye foleni, akaniambia gari zima, dada, labda upumzike. Leo bosi ameniambia nikifika nimkabidhi funguo. Ataendesha mwenyewe mpaka apate dereva mwingine. Nimepita hapa bila ruhusa."

"Na wewe unasemaje?"

Akaificha mikono nyuma. "Mzee, nimeanza kuiogopa mikono yangu."

Nimesikia wateja wengi wakilia juu ya magari yao. Sentensi ile sikuwahi kuisikia.

"Linashtuka kona ipi?" nikamuuliza.

Akanikazia macho. "Hilo hakuna aliyeniuliza." Akafumba macho, akanyoosha mikono mbele, akashika usukani wa hewa. Akaanza kuendesha pale pale, amesimama kati ya ndoo ya mafuta machafu na tairi bovu. "Natoka uwanja wa ndege... hapa kulia, hakuna kitu. Hapa penye shamba la maua, kushoto, linashika. Darajani, kushoto, linashika. Hapa kulia, kimya." Akafumbua macho. "Kushoto. Kona za kushoto tu."

Vijana, hapo ndipo kazi ilipoanza kuisha, na mashine yangu ya kuisoma kompyuta ya gari ilikuwa bado mkobani. Dereva anakaa na gari kutwa nzima. Mkimuuliza "lina nini" atawapa maneno aliyoyasikia kwa watu. Mwambieni awaonyeshe kwa mikono. Mimi nilikuwa nawaambia wateja, "Fanya kama unaendesha," na watu wazima wenye tai na mikoba wakawa wanakanyaga klachi hewani. Tumecheka sana, lakini mikono ya mtu husema vitu ambavyo mdomo hauna majina yake.

Nikachomeka mashine. Haikuchelewa: hitilafu kwenye sensa ya usukani.

Niwaeleze kwa kifupi. Chini ya usukani, kwenye mhimili wake, kuna kidude cha mviringo kinachoiambia kompyuta dereva anataka kwenda wapi. Kingine kiko chini ya viti, kinaiambia gari linaelekea wapi kweli. Vikikubaliana, kuna amani. Visipokubaliana, kompyuta inasema tunateleza, inashika tairi moja ili kuligeuza gari lifuate usukani. Ndiyo ile krrrr.

Sasa wengi wenu mkisoma "sensa ya usukani" mnapiga simu Dar iletwe sensa mpya. Nimeona magari yakibadilishiwa sensa tena na tena, kama mtoto anayehamishwa shule kila muhula wakati shida yake ni njaa. Mashine imekwambia nani analalamika. Kwa nini analalamika, hilo ukalitafute wewe.

Namkumbuka mwalimu mmoja wa Olasiti, Mungu amweke, aliyechoshwa na taa ya onyo kwenye dashibodi akaibandikia stika ya kwaya ya kanisani kwao. Akaniambia, "Fundi, siku hizi haiwaki." Nikabandua stika, taa inawaka kama jiko la mkaa. Mtu akiona kitu kinachomsumbua macho, anakiondoa machoni. Liwekeni akilini hilo, maana ndilo lililomponza Naserian.

Nikamwambia aendeshe, mimi nikakaa kushoto na mashine mapajani. Tukaenda mpaka penye kipande cha barabara kilichonyooka, Meru ikiwa mbele yetu imevaa wingu lake kiunoni. Usukani umenyooka. Gari limenyooka. Lakini kwenye kioo cha mashine, sensa inaapa kwamba dereva amekunja kushoto, nyuzi kumi hivi. Tukirudi nyuma, tukisonga mbele, ni zile zile, hazipandi wala hazishuki. Sensa iliyokufa huwa inarukaruka, leo tano, kesho hamsini, au inanyamaza kabisa. Hii ilikuwa imetulia. Nikaanza kuiamini.

"Usukani huu umewahi kufunguliwa?"

"Haujafunguliwa," akasema. "Umenyooshwa tu."

Nikacheka peke yangu. Akaniuliza nacheka nini, nikamwambia endesha turudi.

Kunyoosha usukani ni ufundi wa zamani hapa kwetu, na sisi wote tumeufanya bila dhambi. Gari limeingia shimoni, limebadilishiwa tairodi, vile vyuma vinavyoyasukuma matairi ya mbele yakunje. Fundi amevifunga kwa kukadiria kwa macho, kimoja kirefu, kingine kifupi. Gari linakwenda sawa, ila usukani umekaa upande. Dawa yake halisi ni kurudi chini, kurekebisha tairodi na kupima matairi upya. Lakini mteja ana haraka. Basi unafungua nati ya katikati, unaung'oa usukani, unausogeza jino moja kwenye meno ya mhimili, unaufunga. Umenyooka. Mteja anatabasamu. Kwenye magari ya zamani hakuna kilichoharibika, kwa sababu gari lilikuwa halina maoni.

Haya ya sasa yana maoni. Usukani uliopinda ulikuwa unasema kweli: huku chini hakujakaa sawa. Wakaunyamazisha. Lakini sensa iko kwenye mhimili, chini ya meno yale, haikusogezwa na mtu. Ikaendelea kusema kile kile. Kila Naserian akikunja kushoto, kompyuta inaona amekunja kuliko gari linavyogeuka, inasema huyu anateleza, inamshikia breki. Akikunja kulia, hesabu zinapungua badala ya kuzidi, inanyamaza.

Nikalala chini ya gari kuhakikisha. Kweli, tairodi ya kushoto ilikuwa imezama mpaka nyuzi zake za skrubu zimefichika, ya kulia iko nje kama ulimi wa mbwa wakati wa jua.

"Nani aliunyoosha?"

"Fundi Kweka, pale ng'ambo. Bosi ndiye alimwambia. Alisema mgeni akiona usukani umepinda atadhani tumempa gari bovu. Na siku hiyo ndege ilikuwa karibu kutua."

Nikafurahi. Kazi imejulikana, haina kifaa cha kununua, jioni haijafika. Nikavuta jeki. Naserian akaweka mguu mbele ya jeki.

"Mzee, naomba usilitengeneze."

"Binti?"

"Ukilitengeneza, nitalirudisha zima. Bosi ataliendesha, atakuta halina kitu. Atasema, unaona? Tangu nimekuondoa gari limetulia." Sauti haikupanda. "Nitaondoka mimi na hilo jina. Dereva anayesinzia. Hapa Arusha madereva wote wanajuana, mzee. Nani atanipa wageni tena?"

Nikaacha jeki. Miaka yote nilikuwa nimefundishwa kwamba gari likipona, kazi imekwisha. Lazaro mwenyewe hakuwahi kunifundisha kuliacha gari bovu makusudi. Nikakaa juu ya tairi nikafikiri. Halafu nikamwomba namba ya bosi wake.

Bwana Temba alikuja na pikapu ya hoteli, amejaa kwenye kiti chake, kofia kichwani. Mchaga wa Marangu, mtu wa kanisa, sauti ya kuagiza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeogopa wageni wake kuliko alivyowaamini wafanyakazi wake, na wenye hoteli wengi wako hivyo.

"Fundi, gari limepona?"

"Bado, mzee."

"Sasa umeniitia nini?"

"Uliendeshe likiwa linaumwa."

Akamtazama Naserian. Naserian akatazama migomba. Bosi akapanda, akavuta mlango. Haukushika. Akaupigiza. Haukushika. "Huu mlango nao!" Akaupigiza tena mpaka kuku wa jirani wakatawanyika, ndipo ukakubali. Mimi nikakaa kando yake, Naserian nyuma, mahali wanapokaa wageni.

Nikamwambia aende mwendo wa kawaida wa barabarani, asiende polepole kama anayeenda mazishini. Tukatoka langoni tukapanda mlima. Na kupanda, barabara ile kona zake ni za kulia. Ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Gari lilikwenda laini kama siagi. Bosi akaanza kupiga mluzi.

"Naona halina kitu," akasema. "Nilijua." Akamtazama Naserian kwenye kioo. "Nase, mimi nina binti wa umri wako. Kama usiku hulali, sema tu."

Naserian nilimwona kwa pembe ya jicho ameweka mikono juu ya magoti, imelala chali.

"Geuza pale juu, turudi njia ile ile," nikamwambia bosi.

Akageuza. Kona ambayo ni ya kulia ukipanda, ni ya kushoto ukishuka. Hilo sikumwambia. Akaingia kwenye ya kwanza mkono mmoja kwenye usukani, bado anapiga mluzi.

Krrrr.

Gari likajikamata kama punda aliyevutwa hatamu. Likavuta kushoto, taa ya njano ikapepesa, kofia ya bosi ikaangukia mapajani kwake. "Yesu wangu!" Akashika usukani kwa mikono yote miwili, gari likaachia, likaendelea kushuka kwa upole kama vile si lenyewe. Kona ya pili ilikuwa mbele yetu. Bosi akapunguza mwendo, lakini si vya kutosha. Krrrr.

Akasimamisha gari kando ya ua wa michongoma. Injini inanguruma. Nyuma yetu Naserian akasema taratibu, bila ushindi wowote, "Kona kama hii ndipo mgeni alipomwagikiwa na kahawa, bosi. Ile ya penye shamba la maua."

Bosi akaokota kofia yake, akaivaa, akaivua. "Ni kitu gani hiki?"

Nikamweleza yote, tairodi, jino moja la usukani, sensa. Alisikiliza akiwa anautazama ule usukani ulionyooka vizuri mbele yake. Nilipofika kwenye kunyoosha akaninyamazisha kwa kiganja.

"Mimi ndiye niliyemwambia Kweka," akasema. "Nilimwambia dakika chache, nina wageni." Tukashuka mpaka gereji kwa mwendo wa anayeenda mazishini.

Nikamwita Kweka avuke barabara aje na vifaa vyake. Kweka na mimi tumetaniana tangu tukiwa na nywele.

"Meku," akaniita kwa Kichaga chetu, yaani mzee mwenzangu, "kazi ya nusu saa wewe unaifanya harusi. Umeleta mpaka wageni."

"Wewe ndiye bwana harusi. Njoo umwone mkeo uliyemwoa akiwa jino moja pembeni."

Akacheka, akainama chini ya gari, akaacha kucheka. Alipotoka alijipangusa mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Dada," akamwambia Naserian, "mimi nilinyoosha usukani. Sikujua nakupinda wewe." Halafu akarudi chini na spana, na sikumsikia akitania tena mpaka mwisho.

Tuliurudisha usukani kwenye jino lake, ukapinda tena kama siku ile ya kwanza. Tukalipeleka gari kwenye mashine ya kupimia matairi, Kweka akarekebisha tairodi huku na huku mpaka usukani ukanyooka wenyewe, bila kung'olewa. Mwisho nikachomeka mashine yangu, nikaiambia kompyuta: hapa ndipo katikati. Hilo msilisahau kamwe. Baada ya kugusa chochote cha usukani, iambieni kompyuta katikati ni wapi. Isipoambiwa, haina njia ya kujua.

"Lijaribu," nikamnyooshea Naserian funguo.

Akarudi hatua nyuma. "Jaribu wewe, mzee."

Nikalijaribu mwenyewe. Kona zote za kushoto, kimya. Nikasikia hata mchanga mdogo ukilia chini ya matairi, na sikusikia kingine. Gari lilikuwa zima kabisa. Lakini niliporudi uani nikawakuta wamesimama mbali mbali, bosi karibu na lango, Naserian karibu na tairi lile bovu, na nikaelewa kwamba kuna kitu bado hakijapona, na mimi sina spana yake.

Bosi alikuwa amesema ataendesha mwenyewe. Neno lile hakulifuta. Naserian alikuwa ameogopa mikono yake, na mikono haiponi kwa sababu tairodi imepona. Nikafikiri nimpe nani funguo. Nikimpa bosi, nimemhukumu msichana. Nikimpa msichana, nimemwagiza bosi wa watu mbele ya mafundi. Nikaziweka juu ya boneti, katikati kabisa, nikakusanya vifaa vyangu nikaingia stoo.

Sasa nimestaafu. Mgongo umekataa kuinama, na siku nyingi nakaa kibarazani nasikiliza magari ya wengine yakipita. Mnapokuja kunitembelea mnaniuliza mashine ipi ni nzuri, nami nawajibu ninavyojua. Ila ninyi hamjawahi kuniuliza juu ya ile stoo.

Nilisimama humo, mgongo kwenye mlango, kama enzi za Lazaro. Nikawa natia nati kwenye kopo, moja moja, ili nipate kusikia.

Nikasikia pikapu ya hoteli ikifungwa na kuachwa pale pale. Nikasikia viatu vizito vya bosi vikija juu ya kokoto, vikafika kwenye boneti, vikasimama. Muda ukapita. Funguo zikalia kidogo. Nikajua zimeokotwa. Halafu maneno machache ya chini ambayo sikuyapata, wala sikutakiwa kuyapata. Halafu vile viatu vizito vikazunguka gari, vikaenda upande wa kushoto. Mlango wa nyuma ukafunguka na kufungwa, ule wa wageni.

Nikashika nati mkononi nisiiachie.

Kisha hatua nyepesi. Mlango wa dereva ukafunguliwa. Nikasubiri kishindo. Ukanyanyuliwa kidogo, kwa kiganja, ukafunga mara moja, taratibu.